Wafukuza moshi: tuwafukuze au tuwapangie mahali?

Barazani petu hapa Mombasa kuna video moja isiyochoka kurudi. Ni ile ya Mexico, Juni 2024. Kichwa cha treni ya mvuke nambari 2816, kilichoundwa Kanada mwaka 1930, kinapita jimbo la Hidalgo kikiwa kwenye safari ndefu ya kutoka Calgary hadi Mexico City. Watu wamejipanga kando ya reli na simu zao. Mwanamke mmoja amepiga magoti ajipige picha, treni iwe nyuma yake. Kikamgonga, akafa. Kila video hiyo inapotua kwenye simu ya mtu, hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: hawa wafukuza moshi, yaani wanaokimbizana na treni za kale wakizipiga video, ni wendawazimu, na wapigwe marufuku.

Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara naona nusu yake ni kweli. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Anayejua mchezo huu hahitaji maelezo marefu. Kichwa cha mvuke kilichohifadhiwa kinatolewa kwenye karakana, kinafungwa mabehewa, kinapewa ruhusa ya kupita reli kuu pamoja na treni za kila siku. Ndani wamekaa abiria waliolipa tiketi ghali. Nje kuna kundi jingine lisilolipa kitu: limeshapima kilima gani kitatoa moshi mzito na jua litakuwa upande gani. Linapiga video yake, linarukia gari, linaipita treni mbele na kuisubiri tena kilomita 20 huko. Uingereza ni burudani ya wikendi. Marekani, tangu kichwa kile kikubwa wanachokiita Big Boy, nambari 4014, kirudi relini mwaka 2019, kikipita mji mdogo mji mzima humiminika.

Sisi hatuna moshi wa kufukuza kwa sasa. Vichwa vyetu viwili vikubwa vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, vimekaa makumbusho ya reli Nairobi. Abiria wa Nairobi wamehamia stesheni ya reli mpya Miritini tangu 2017, na stesheni kongwe ya mjini si ile tuliyoijua. Lakini vijana wanaosimama Changamwe na Mazeras kupiga video treni za mizigo kwenye reli ya zamani nawajua kwa sura, na kila zinapozuka ndoto za kuiteremsha Garratt moja mpaka pwani, mjadala huu unawaka upya. Bora tuumalize kabla hiyo siku haijafika.

Nianze na mjomba wangu. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, sasa macho yamepungua. Siku moja nilimfungulia video ya Garratt ikipanda mlima, iliyopigwa na mgeni fulani enzi zile kabla mvuke haujazimwa huku kwetu. Hakutazama. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Garratt ni pipa moja la mvuke lililobebwa katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na injini hizo hazikufungwa pamoja. Kwa hiyo mipigo yake hukutana ikawa mmoja, halafu ikaachana polepole, kama wapiga ngoma wawili ambao kila mmoja amezama kwenye yake. "Hapa wamepatana," mjomba akasema. Kimya kidogo. "Sasa wameachana." Kisha akanyanyua kidole: "Sikia, inateleza. Mchanga!" Mimi nilikuwa sijui hata kwamba mchanga humwagwa kwenye reli ili magurudumu yashike. Yeye aliisikia gurudumu ikizunguka bure kwenye spika ya simu ya bei rahisi, miongo minne baadaye.

Wanaosema "kama mnataka treni za kale, nendeni makumbusho" hapo ndipo wanaponipoteza. Makumbusho yanakupa chuma, na ni chuma cha kutisha: Garratt moja ya daraja la 59 ni tani 252, urefu wa zaidi ya mita 31. Za aina hiyo zilitengenezwa 34 huko Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, na hakuna kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hizo kilichowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Lakini chuma kilichotulia hakiachani wala hakipatani. Hakitelezi. Kile mjomba alichokitambua kinaishi pale tu mashine inapofanya kazi, imebeba mzigo, iko mlimani, na mtu wa nje amesimama akiirekodi. Abiria aliye ndani hawezi kuirekodi vile. Yeye anasikia behewa lake. Dereva mikono imejaa. Anayebaki ni huyu asiye na tiketi.

Tena nani aliyetuwekea yetu? Picha nyingi za mvuke wa Afrika Mashariki zinazozunguka mtandaoni zilipigwa na wageni waliokuja na kamera zao wakaifuata reli kutoka bahari hadi bara. Tunawashukuru, lakini inauma kidogo. Walioendesha mashine zile, waliochochea moto wake, waliopaka mafuta usiku kule Voi na Mtito Andei walikuwa baba zetu, na sauti ya kazi yao imehifadhiwa kwenye makabati ya watu wengine. Leo kijana wa Jomvu ana kamera mfukoni iliyo bora kuliko zile, halafu tunamwambia aondoke.

Kuna wanaopinga kwa hoja nyingine kabisa: huo ni moshi wa mkoloni, tuuombolezee nini? Siwadharau. Vibarua 2,493 kutoka India walikufa reli ile ikijengwa, na hakuna honi ya kupendeza inayofuta idadi hiyo. Ila kumrekodi aliyefanya kazi si kumsifu aliyemtuma.

Sasa hoja nzito, ile ambayo wafukuza moshi wenyewe hupenda kuiruka. Si kwamba mpiga picha atakufa. Mtu mzima ana haki na roho yake. Ni dereva. Kwenye kichwa cha mvuke dereva amekaa nyuma ya pipa, na kwenye Garratt zaidi ya nusu ya mashine iko mbele yake. Anayachungulia mambo kwa pembeni. Mtu aliyechuchumaa karibu na reli upande wa pili hamuoni kabisa, na hata akimuona, treni haisimami kama tuktuk. Atakayelala na picha ile kichwani maisha yake yote ni yeye na msaidizi wake. Mjomba, ambaye kwa hadithi za reli huwezi kumnyamazisha, ana moja asiyoisimulia mpaka mwisho. Anafika kwenye kona fulani karibu na Maungu, anasema "basi," anaomba maji.

Kwa hiyo sitanii na hatari. Ila nataka tuipime vizuri, maana kuna kipimo kimoja kilichonikaa kichwani tangu nikijue. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Pipa la Garratt daraja la 59 lilikuwa na kipenyo cha futi 7 na inchi 6, yaani kama mita 2.29. Toa moja, gawa kwa mbili: sentimita 64 za pipa zinaning'inia nje ya reli kila upande. Na hilo ni pipa peke yake. Chumba cha dereva, ngazi na mabomba bado hujavihesabu. Simama hatua moja ndefu kutoka kwenye reli na utajiona uko salama, kwa sababu jicho la binadamu huichukulia reli kuwa ndiyo mpaka. Sivyo. Reli ni mguu tu, na huyu ni mtu mwenye mabega.

Nikirudi kwenye video ya Mexico nikiwa na hesabu hiyo, naona kitu ambacho baraza halikioni. Sisi husema "alijitupa relini." Hakuwa relini. Alikuwa kando, mahali ambapo macho yake yalimwambia pametosha, na wengine wengi walisimama karibu vilevile. Lile lilikuwa kosa la kipimo. Kichaa humuwekei kamba, lakini kosa la kipimo hurekebishwa kwa kamba na chokaa. Kampuni ya Union Pacific, yenye Big Boy, huwaambia watu wakae angalau futi 25 kutoka kwenye reli, mita saba na nusu hivi. Mita saba na nusu kwa mpiga video si adhabu. Mashine ya mita 31 haiingii kwenye lenzi ukiwa umeikaribia. Utapata gurudumu na vumbi. Anayeijua kazi yake hurudi nyuma mpaka apate moshi wote na kilima chake. Wanaosogea ni wale wanaotaka sura zao ndani ya picha, na hao mara nyingi ni watu waliofika siku ile ile, hawajawahi kuona mvuke. Kumpiga marufuku yule wa kwanza kwa kosa la huyu wa pili ni kuwafukuza mashahidi.

Nami nikiri: safari ile ya Mexico ilitangazwa mno. Umati haukuja kwa bahati. Ndiyo maana wengine wanaona dawa ni kunyamaza, kuipitisha treni kimya kimya.

Waingereza wamelijaribu hilo, baada ya kupata somo. Tarehe 25 Februari 2016 Flying Scotsman, kichwa cha mwaka 1923, kilitoka London kwenda York baada ya matengenezo ya miaka mingi. Watu waliingia hadi njiani, treni ikalazimika kusimama. Hesabu ilipofanywa, treni nyingine 59 zilikuwa zimecheleweshwa kwa jumla ya saa 8, na kampuni zake zikalipwa fidia ya karibu pauni 60,000. Magazeti yaliipenda sana ile 60,000. Mimi naitazama ile 59. Saa 8 kugawanya kwa treni 59 ni dakika nane kila moja. Dakika nane! Aliyewahi kukaa foleni ya feri Likoni atacheka. Lakini acheke kidogo, kwa sababu fidia ile ilitoka mfukoni mwa wenye njia, na treni 59 zilikuwa na watu wasiojali moshi wala mvuke, waliotaka kufika kazini tu. Hiyo ni haki yao, na sitaki kuifuta kwa kugawanya.

Baadaye wenye reli wakaanza kuficha saa ambazo kichwa kile kingepita. Naelewa kwa nini. Sikubaliani. Mfukuza moshi wa kweli hahitaji ratiba iliyotangazwa. Ana rafiki stesheni, anajua kichwa kinahitaji kujazwa maji wapi, atapiga hesabu. Saa ikifichwa, anayekosa ni mama wa Mikindani aliyetaka kuwaonyesha wanawe, na dereva hapati faida yoyote, kwa sababu waliobaki kando ya njia wametawanyika vichakani pasipo na askari wala kamba. Saa ikitangazwa pamoja na mahali, umati unakuwa mahali unapoujua. Mexico walitangaza saa. Mahali wakaachia watu wajichagulie.

Huku kwetu ingekuwa rahisi kuliko kwao. Reli ikishatoka kisiwani na kuiacha Changamwe inaanza kupanda, na mlima ndiyo sehemu ambayo treni huenda polepole na moshi huwa mwingi. Mazeras mahali papo: pana mwinuko, pana uwazi, matatu zinafika. Kamba mita nane kutoka reli, upande mmoja tu ili dereva ajue aangalie wapi, mama ntilie wawili watatu, na wazee wa reli wapewe viti mbele. Droni zina sheria zake tangu 2020, anayeitaka akachukue kibali. Wenye treni nao wangefaidi, maana video za vijana ndizo tangazo lao la bure, hata kama waliozipiga hawakununua tiketi.

Kilichonishinda ni barabara. Kuanzia Mazeras kwenda Voi, barabara kuu ya Nairobi inakwenda sambamba na reli, na hapo ndipo mfukuzaji anapata kile anachokiota: gari na treni bega kwa bega, kamera dirishani. Nimeziona video za namna hiyo kutoka Marekani na sikatai, ni tamu. Lakini ile ni njia ya malori ya bandari. Usiku na mchana yanapishana kwa kubahatisha, na dereva wa Probox anayegeuza shingo kutazama moshi hajiui peke yake. Kamba haifungwi kwenye barabara kuu, na polisi wa Mariakani hawezi kumkamata mtu kwa kosa la kutazama kulia. Nimemuuliza kila mmoja pale barazani, wanaopenda treni na wasiopenda, na hakuna aliyenipa jibu. Mimi ningesema wanaotaka video za barabarani wazikose. Wapige Mazeras, warudi nyumbani.