Eti tulipe ada tufundishwe kubandika

Juzi nilimsindikiza wifi yangu kwenye semina ya ujasiriamali hapa Iringa mjini. Mada: mapambo ya nyumbani na zawadi za kutengeneza mwenyewe. Ada elfu ishirini kwa kichwa, soda na cheti humo humo. Mwalimu, kijana mtanashati aliyeng'ang'ania kipaza sauti ingawa tungeweza kumsikia hata akinong'ona, akatugawia kila mmoja chupa tupu ya mvinyo, kamba ya katani, maua ya plastiki na kifuko cha vumbi la kumetameta. Akachomeka bunduki ya gundi kwenye umeme. Paka gundi, zungushia kamba. Paka gundi, bandika ua. Paka gundi, mwagia dhahabu. Haya, pigeni makofi, tayari mna chombo cha maua cha kuuza elfu kumi na tano.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa upande wa Kalenga. Chini ya kiti chake kulikuwa na kikapu cha milulu, yale majani ya bondeni, alichokisuka mwenyewe, kimebeba chupa ya chai, kanga na nguo za mtoto. Mstari wa zambarau ulikizunguka kikapu kile, na ulipokutana na mwanzo wake hukuona kiungo. Mwalimu alikuwa anakiruka kila akipita kugawa maua yake ya plastiki. Hakukiangalia hata mara moja. Na yule mama, ambaye mikono yake inajua kitu ambacho ukumbi mzima hatukijui, alikuwa ametoa elfu ishirini yake afundishwe kubandika.

Nina hasira mpaka leo. Wifi ananiambia nina roho mbaya, niwaache vijana watafute riziki. Riziki sijaikataa, wifi. Nimeikataa gundi.

Maana tusemeane ukweli. Ile gundi ni plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kuganda ikipoa. Kwenye kitambaa au kadibodi inaingia kidogo, inapata pa kushika. Kwenye kioo na vigae inalala juu juu tu. Ikipigwa na jua kali inalegea, ikipigwa na baridi inakakamaa na kubanduka nzima nzima kama gamba. Sasa niambieni, sisi tunaishi wapi? Nendeni Makete au Njombe asubuhi ya mwezi wa Saba, mtakuta barafu imelala juu ya majani kama mtu kamwaga unga. Huko ndiko tunakopeleka zawadi zilizoshikwa na gundi?

Shangazi yangu wa Njombe anaweza kuwasimulia vizuri zaidi. Kwenye sendofu ya binti yake alizawadiwa kioo cha ukutani kilichozungushiwa makombe ya baharini. Makombe ya baharini, Njombe! Mwenyewe bahari kaiona kwenye kalenda. Lakini kilikuwa kinapendeza, sitasema uongo, wageni wote walisimama kujitazama humo. Baridi ilipoanza, usiku akawa anasikia "tik" sebuleni. Ananyamaza. "Tik" nyingine. Shangazi akanunua sumu ya panya, akatega kila kona, akamlaumu na paka kwa uvivu. Kumbe ni makombe yanaanguka moja moja. Kioo kimebaki na madoa ya gundi pande zote, na hawezi kukitoa ukutani kwa sababu aliyekileta ni mama mkwe wa binti yake na huwa anakuja.

Nikisema haya watu wananijibu, "Si ni pambo tu, kwani unataka lidumu miaka mia?" Ndiyo, nataka lidumu. Angalau lidumu kuliko keki.

Twendeni sasa kwenye milulu, kwa sababu nataka mwalimu wa semina na wenzake waelewe walichokiruka. Milulu inaota kwenye maji, huko mabondeni. Inavunwa, inaanikwa ikauke vizuri, na ukitaka kusuka unailowanisha kidogo ilainike, vinginevyo inakatika mikononi. Kazi inaanzia kwenye kitako, na kitako ndicho kinachowatoa watu machozi: majani ya kusimama yanatawanyika kama miale ya jua, halafu unaanza kuyazungushia mengine, mawili mawili, moja linapita mbele na jingine nyuma, yanapishana, yanabadilishana, yanakaza. Ukilegeza kidole hapo mwanzoni, kikapu kizima kitakuja kukaa upande. Kikishakuwa kipana kiasi unachotaka, unakunja majani ya kusimama yaelekee juu, unaanza kupanda ukuta. Hakuna gundi. Hakuna msumari. Kinachokishikilia ni ule mkazo wa jani juu ya jani, kwa hiyo ukijaza mzigo ndiyo kwanza kinajibana.

Ndiyo maana kikapu cha Iringa unakikuta kwa bibi kimebadilika rangi, kimekuwa cha kahawia kama chai ya rangi, mpini umeshonewa upya, na bado kinakwenda sokoni. Ukikichoka kwa kubebea unakitundika ukutani, au unakitia sufuria ya ua ndani, au unawekea nyuzi na sindano. Kizuri kinatoka chenyewe bila kumwagiwa dhahabu.

Na bei! Hapa ndipo presha inanipanda. Mtu yule yule anayetoa elfu kumi na tano kwa chupa ya kuokota iliyopakwa gundi, mpeleke Soko Kuu akutane na mama wa vikapu. "Mama, kiasi gani hiki?" Elfu kumi na mbili, mwanangu. "Aaa, majani tu haya mama! Nikupe sita." Majani tu. Jaribu basi, shuka bondeni na viatu vyako uyalete, tuone utakachosuka mpaka jioni. Mama wa watu anaangalia jua linazama, anaangalia nauli ya kurudi, anapokea saba. Na binti yake amekaa pembeni anaona. Unadhani huyo binti atataka kujifunza kusuka? Ataomba elfu ishirini ya semina.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko gundi yenyewe. Tumefika mahali ujuzi wa nyumbani ukifundishwa na bibi kwenye mkeka unaitwa ushamba, ila upuuzi ukifundishwa ukumbini na kipaza sauti unapewa cheti. Kwani ilikuwa vigumu kiasi gani kumwambia yule mama wa Kalenga, "Mama, tunaomba nusu saa yako, tuonyeshe kitako tu"? Tungetoka pale hakuna aliyemaliza hata kikapu cha kuwekea yai, sawa. Lakini tungejua kwa nini kinauzwa elfu kumi na mbili.

Wapo waliolielewa hili zamani, na wala si mbali. Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono hapa hapa mjini, ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikaanza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kinyesi, ndugu zangu. Kinachemshwa, kinasafishwa, zinabaki nyuzi za majani ambazo tembo hakuzisaga, na hizo ndizo karatasi. Baadaye zikaja kazi nyingine, ufumaji wa vitambaa, ushonaji, shanga, zote za watu wenye ulemavu, na watalii wakawa wanakatisha safari ya Ruaha kwenda kununua kadi. Sisemi kila mtu akafuate tembo porini. Nasema pale mtu alifundishwa kazi mpaka mkono wake ukaijua, hakuonyeshwa mara moja akapigiwa makofi.

Kule Ziwa Nyasa nako, wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu bila gurudumu, vinapakiwa kwenye mitumbwi kuletwa Matema, na mtu wa Mbeya mjini anavipita barabarani akienda kununua chombo cha maua cha plastiki chenye rangi ya udongo. Sina la kuongeza.

Haya, nisije nikaonekana nasifia kila cha zamani. Nakumbuka vitambaa vya makochi. Sebule za mama zetu, kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, kila kitu kilivalishwa: kochi, redio, meza, hadi televisheni ilikuwa imefunikwa uso kama bibi harusi, na ole wako uikute taarifa ya habari imeanza hujakunja kitambaa vizuri. Vilikuwa vinatelezea mgongoni, unasimama kumwamkia mgeni kitambaa kimekung'ang'ania makalioni. Vingine walivikaza kwa maji ya sukari, na sisimizi wakahamia. Na yale mashuka ya kudarizi yenye "Lala salama" na njiwa wawili wanaofanana na bata. Mabaya mengine yalikuwa mabaya, tukubali.

Lakini nionyeshe kilichobanduka. Mama yangu ana kitambaa cha meza alichokifuma kwa kroshia kabla sijazaliwa, kimefuliwa na sabuni ya mche, kimeanikwa uani, kimepigwa pasi ya mkaa, na kila ua liko pale lilipowekwa. Fundo moja likikatika analishika kwa sindano, anaendelea na maongezi yake. Chupa ya semina ukiiosha mara moja tu umebaki na chupa.

Kwa wanaoniuliza basi watengeneze nini, kwa sababu najua mtaniuliza, anzeni na fundi cherehani wa mtaani kwenu. Chini ya mashine yake kuna mfuko wa mabaki ya vitenge. Mwingine atakupa bure akushukuru kwa kumfagilia, mwingine atakuuzia kwa bei ya kujazia mito. Chagua vya uzito mmoja, usichanganye kitenge kizito na kile cha kuteleza, kata pembe nne zilizo sawa, unganisha kwa mkono kama cherehani huna. Foronya ya mto wa kochi hiyo. Kitambaa cha kushikia sufuria hicho. Sindano inauzwa duka la Mangi, huhitaji umeme, na umeme ukikatika wewe ndiyo kwanza unasogea mlangoni kwenye mwanga.

Kwa wa Mafinga na Mufindi, mipaini mnayo kuliko mnavyoweza kuihesabu, Sao Hill yote ile. Yale matunda yake magumu yakiwa yamejifunga msiyaguse kwa kisu, yawekeni jirani na jiko, joto litayafungua yenyewe, magamba yachanue. Unayafunga kwa waya mwembamba kwenye mduara wa fito, unatundika mlangoni. Ukungu ukitanda utayaona yamejikunja, jua likitoka yanachanua tena. Watoto wanapenda sana hilo, na unajua hali ya hewa kabla hujafungua dirisha. Kwa waya, nimesema. Kwa waya.

Matairi yaliyokatwa umbo la bata na kupakwa rangi nyeupe uani, siyazungumzii.

Zawadi ya mtoto mchanga ndiyo wala isiwape shida. Huku kwetu mtoto anayezaliwa mwezi wa Sita anahitaji kofia, soksi na sweta, na kila mtu anajua. Kofia ya kufuma kwa mkono, uzi laini, ukingo wa kunjuliwa ili ikue naye, hiyo mama atamvalisha mtoto usiku huo huo. Mara ngapi tumepeleka kikapu cha plastiki kilichofungwa karatasi ya kung'aa na utepe wa kubandikwa, ndani yake vikorokoro ambavyo mzazi anavigawa kabla arobaini haijaisha? Shemeji yangu mmoja, dereva wa lori, kajifunza kufuma safarini kwa kukaa foleni ya mpakani Tunduma. Wenzake walimcheka sana mwanzoni. Siku hizi wanamwekea oda.

Najua kuna atakayesema muda hana. Kweli, kufuma na kusuka kunakula muda, na anayetafuta hela ya jioni hawezi kusubiri kikapu cha siku kadhaa. Huyo abandike tu, sitamsimanga, ila amwambie mnunuzi asikipeleke Njombe.

Wengine wote, wenye mkono na jioni moja kwa wiki: Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri niko barazani na mfuko wa vitenge na sindano za kutosha. Yule mama wa Kalenga nimempata kwa simu, atakuja mara moja kwa mwezi kutuonyesha kitako, na atalipwa bei yake aliyoitaja, sitaki kusikia mtu anaomba apunguze. Milulu italetwa na yeye. Chai nachemsha mimi, maandazi mje nayo.