Bunduki ya Kindi Huchaguliwa kwa Majani, Si kwa Nguvu

Kindi wa kijivu wa misitu ya mashariki mwa Marekani ana uzito wa nusu kilo hivi. Karibu bunduki yoyote itamuua, kwa hiyo kuuliza ipi ina nguvu zaidi ni kupoteza muda, ingawa ndilo swali la kwanza la kila anayeanza. Ya kuuliza ni mawili: utamwona vizuri kiasi gani, na risasi ikimkosa itaishia wapi?

Msimu unapofunguliwa, miti ya mialoni na mihikori bado imejaa majani. Unachokiona ni tawi linalotikisika, mkia nusu, kisha kimya. Umbali ni mita 15 hadi 25, na mnyama hasimami hata sekunde mbili. Hapo naichagua bila kusita bunduki ya marisau, yaani inayorusha punje nyingi kwa mpigo mmoja: geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi), katriji ya gramu 25 yenye marisau namba 6. Katriji hiyo hubeba punje zipatazo 195. Wengi humnunulia kijana bunduki ya .410, yenye mtutu mwembamba kuliko geji 20, kwa sababu ni nyepesi na haipigi bega. Kwangu hilo ni kosa. Katriji yake fupi ina gramu 14 tu, punje kama 110, na ukipita mita 20 zinatawanyika hadi kindi mzima anaweza kukaa katikati ya matundu. Ni bunduki ya fundi, si ya mwanafunzi. Geji 12 nayo inafaa, ila ni mzigo wa bure kuizungusha msituni siku nzima, na chini ya mita 15 inaharibu nyama.

Usishawishike kutumia namba 7½, yenye punje ndogo zaidi, eti tu kwa kuwa ni nyingi. Ngozi ya kindi ni ngumu kuliko ya ndege. Punje ndogo hukwama humo, naye hukimbilia shimoni akiwa na majeraha. Kabla ya msimu, chora umbo la kindi kwenye karatasi kubwa, piga ukiwa mita 20, kisha 25, kisha 30, ukihesabu punje ndani ya umbo. Zikiwa chini ya tano, umbali huo si wako, hata kama boksi linaahidi vingine. Badilisha choki (kibano cha mdomo wa mtutu) au aina ya katriji, rudia.

Majani yakishadondoka mambo yanageuka. Sasa unamwona kindi akiwa mita 50, lakini naye anakuona. Huu ndio wakati wa .22, bunduki ya mtutu mwembamba inayopiga risasi moja moja, na hapa ndipo ninapoachana na wapenzi wa kasi.

Risasi ya kawaida ya .22 ina uzito wa gramu 2.6, ile inayoandikwa greni 40. Ya polepole hutoka kwa mita 320 hivi kwa sekunde. Ya kasi hufika 380. Tofauti hiyo ina gharama. Ya kasi huupita mwendo wa sauti, hivyo hupasua hewa kwa mlio mkali, kisha hurudi chini ya mwendo huo ikiwa bado njiani, na upepo huisukuma zaidi. Ya polepole ina mlio mdogo. Ukitulia pale ulipo baada ya kumwangusha wa kwanza, mara nyingi wengine huanza tena kula baada ya dakika chache. Ile .17 HMR, risasi nyembamba na ya kasi zaidi iliyoingia sokoni mwaka 2002 hulenga sana, lakini ikimpata kindi mwilini hubaki kidogo sana cha kupika.

Risasi za polepole zina kasoro moja: baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe hazipati msukumo wa kutosha kurudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na ganda hukwama mlangoni. Bunduki ya bolti ya kuvuta kwa mkono haina shida hiyo. Ukinunua, jaribu kwanza kifyatulio. Kinachohitaji kilo tatu za kuvuta kitakukosesha kichwa cha sentimita tatu hata mtutu ukiwa mzuri kupindukia. Kilo moja hadi moja na nusu inatosha.

Kila mtutu hupenda risasi zake, na hakuna anayeweza kukuambia ni zipi. Nunua aina nne au tano, piga makundi ya risasi tano tano kwa kila aina ukiwa mita 40. Unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine, piga kama kumi bila kuhesabu, maana mafuta au nta ya risasi za kwanza bado imo mtutuni na itakudanganya. Nataka matundu ya kundi yaenee ndani ya sentimita mbili na nusu. Likizidi hapo, endelea kutafuta.

Darubini ndiyo inayoharibiwa zaidi na tamaa. Ukuzaji wa mara nne unatosha. Wa mara tisa utakufanya utafute tawi huku kindi ameshavuka mti wa pili. Chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, ambayo lenzi zake zimerekebishwa kiwandani kwa mita 50 hivi. Ile ya bunduki kubwa imerekebishwa kwa mita 90 au zaidi, na ukilenga karibu huku jicho halijakaa katikati, alama ya kulengea husogea bila wewe kujua.

Halafu wewe irekebishe ili risasi ipige pale unapolenga ukiwa mita 40, si 25 na si 50. Darubini hukaa karibu sentimita nne juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanza chini ya mstari wa macho, huupanda, kisha huanguka. Kwa risasi ya polepole iliyorekebishwa kwa 40, ukiwa mita 25 itapiga juu kwa chini ya sentimita moja. Ukiwa mita 50 itashuka kama mbili. Ukirekebisha kwa 50, pale mita 25 itapanda zaidi ya sentimita moja, na hiyo ndiyo risasi inayopita kati ya masikio. Mita 10 inachanganya watu: hapo hupiga chini, kwa hiyo lenga juu kidogo.

Sasa lile swali la pili. Risasi ya .22 inaweza kusafiri kilomita moja na nusu au zaidi. Marisau namba 6 huishiwa nguvu baada ya mita mia mbili hivi. Kindi aliye kwenye tawi na nyuma yake mbingu si wa .22, hata akikaa dakika tano. Subiri ashuke kwenye shina au ardhini. Kaa umeegemea mti, viwiko juu ya magoti. Akijificha nyuma ya shina, mwenzako azunguke polepole upande ule, naye atarudi kwako. Ukiwa peke yako, tupa kijiti kule. Kiota cha majani usikipige kabisa, hujui kilichomo.

Kuna bunduki za mitutu miwili, .22 juu na .410 chini, kama Savage 24. Kwa fikra ni jibu la yote. Kwa vitendo mitutu hiyo mara nyingi hailengi mahali pamoja, na kila mmoja una risasi moja tu. Ni nzuri kwa anayeijua.

Wazee wa uwindaji huu hupenda kukumbusha habari ya Daniel Boone, mwindaji mashuhuri wa zamani kule Kentucky, ambaye mchoraji wa ndege John James Audubon aliandika kwamba alimwona akipiga gome chini ya kindi, na kishindo chake kikamuua bila tundu. Usijaribu na .22. Risasi hii ndogo inaruka kwenye mti mgumu, na hutajua imeelekea wapi.

Ukichuna, papasa nyama kwa kidole. Penye doa jeusi pana punje, na mara nyingi nywele zimeingia nayo. Kata kipande hicho chote.