Flaiwili ya Altezza haichongwi

Juzi kijana mmoja wa Mkanaledi, hapa Mtwara, alikuja gereji nikiwepo, kabeba flaiwili kwenye kiroba, lile gurudumu zito la chuma linalokaa kati ya injini na klachi. Gari yake ni Toyota Altezza, ile ya injini ya 3S-GE yenye gia sita za mkono, na gia boksi ilikuwa tayari imeshushwa. "Shikamoo kaka," akasema, "hii naipeleka lathe, kwenye mashine ya kuchonga chuma, waipunguze ibaki nusu. Nataka gari ichanganye haraka."

Nilimwomba asiende, na nimeandika haya kwa sababu najua hayuko peke yake.

Injini ya pistoni nne haisukumi mfululizo. Inasukuma kwa vishindo, kimoja kila nusu mzunguko wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na flaiwili ndiyo inayobeba nguvu ya kishindo hiki mpaka kije kingine. Kwa uzito wake gari inatulia ikiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, na kwa uzito huohuo unaachia klachi taratibu gari ikaondoka bila kuzima.

Ukiweka nyepesi, injini inapanda mizunguko upesi na kushuka upesi. Utamu wake naukubali: unashusha gia kabla ya kona, unagusa mafuta kidogo tu, na gia inaingia laini kama inateleza kwenye samli. Ila nguvu za farasi haziongezeki hata moja, na faida yenyewe unaisikia gia ya kwanza na ya pili. Ukifika ya nne injini inapanda polepole, tofauti karibu huioni.

Sasa njoo barabara zetu. Niliwahi kuendesha Subaru ya rafiki yangu iliyofungwa flaiwili ya kilo nne na nusu hivi, kutoka Ligula hadi Mnazi Mmoja, msimu wa korosho. Mbele lori la magunia, mbele yake lori jingine, na matuta kila kijiji. Kila nikitaka kuondoka ilibidi nipandishe mizunguko kwanza na kuiburuza klachi, maana ukiachia kwa mazoea inazima. Kwenye kilima cha kutoka Mikindani nilisikia harufu ya klachi inaungua. Tukisimama, gia boksi inagonga ndani kama kokoto kwenye debe. Sipendi kuishi na gari hivyo, na klachi nzuri si kitu cha kununua kila mwaka.

Lakini lililonitisha kwa yule kijana ni lathe. Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kutupwa, chuma kisichopinda: kikizidiwa kinapasuka. Nguvu inayoivuta ipasuke inakua kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 3,000 kwenda 6,000 kwa dakika, inakuwa mara nne. Na Altezza ile inapita hata 7,000. Fundi akishakula chuma nyuma, sehemu iliyobaki nyembamba inapata moto wa klachi kila siku, inaanza nyufa ndogo usizoziona. Siku ikiachia, vipande vinatoboa kava la gia boksi na bodi, na miguu yako iko hapohapo karibu. Flaiwili nyepesi za maana hutengenezwa kwa chuma kigumu cha kromoli, au kwa aluminiamu yenye sahani ya chuma pale klachi inapokaa, na husawazishwa isitikise krenki. Hiyo haifanyiki kwa jicho na kisu cha lathe.

Halafu wengi hawajui kwamba uzito wa ukingoni ndio unaohesabika zaidi. Kilo moja iliyo mbali na katikati mara mbili ina ukaidi wa kuzungushwa mara nne. Kwa hiyo kumega katikati unadhoofisha pale bolti za krenki zinaposhika, na faida unayopata ni ndogo.

Kama gari ni ya mashindano, au umeamua ya wikendi tu, nunua nyepesi halisi pamoja na klachi inayoendana nayo, nami nitakuja kukusaidia kuifunga. Ya kwenda kazini na kumpeleka mama Newala, baki na ya kiwandani. Hela iliyobaki nunua klachi, bearing yake na sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu gia boksi imeshashuka.

Yule kijana alienda lathe kweli, lakini kusawazisha uso tu, kuondoa yale madoa ya bluu ya moto. Imerudi jana inang'aa. Kesho asubuhi tunapandisha gia boksi.