Pole na Msiba, Shemeji

Ndani ya daladala kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila abiria anaijua: mtu akidanganya kwenye simu, wote tunatazama dirishani. Gari iko Mbagala Rangi Tatu, haijatikisika hata tairi, jamaa anapaza sauti, "Nipo Tazara hapa bosi, ni foleni tu!" Hakuna anayecheka. Hata konda anameza kelele zake mpaka jamaa akate simu. Huo ndio utu. Mimi mwenyewe nimeshafika Tazara mara nyingi nikiwa bado natafuta soksi chini ya kitanda.

Sasa heshima hii ya mjini imekuja kuharibiwa na miwani.

Mpwa wangu, anayelala sebuleni kwangu tangu alipokuja "kwa wiki mbili" mwaka juzi, katumiwa miwani ya jua na binamu yake aliyeko Houston. Ukiitazama haina tofauti na zile wanazouza machinga kwenye mataa. Kumbe kwenye kona ya fremu kuna kamera, megapikseli 12! Mimi simu yangu ukimpiga mtu picha inabidi uandike jina lake chini.

"Anko, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Ikirekodi kuna taa ndogo inawaka hapa pembeni. Isipowaka, ujue hairekodi."

Taa. Mimi niliyekulia kwenye mgao wa umeme leo niambiwe taa isipowaka maana yake hakuna kinachoendelea! Kwetu mambo mengi sana yameendelea taa zikiwa zimezima. Na hata ikiwaka, kwa jua hili la Dar la saa saba mchana, nani ataona taa yenye ukubwa wa punje ya ulezi?

Lakini sikujali sana. Nilianza kujali Jumanne.

Jumanne hiyo nilikuwa msibani Kilosa. Yaani, nilimwambia mhazini wa kikoba kwamba nipo msibani Kilosa, maana nilikuwa nimechelewesha marejesho ya elfu sabini, mkopo ambao mke wangu hakuwa na haja ya kuujua, na mhazini wetu yule ana tabia mbaya sana ya kukumbuka. Mwili wenyewe ulikuwa kwenye banda la chipsi nyuma ya soko, una chipsi mayai na mishikaki mitatu. Mpwa wangu kapita na miwani yake, "Shikamoo anko," nikamwitikia marahaba mdomo umejaa. Basi. Hakuna aliyeinua simu. Ingekuwa simu ningeiona. Mtaani kwetu mtu akiinua simu hata kuku anageuza shingo. Unapata muda wa kufuta mdomo, au kujificha nyuma ya friji la soda. Kijana huyu alinitazama tu, kama mpwa anavyomtazama mjomba wake.

Saa mbili usiku ukaingia ujumbe: "Pole sana na msiba, shemeji. Naona matanga ya Kilosa siku hizi yana mishikaki."

Kumbe mpwa kaweka video status, "Maisha ya Uswazi", sekunde 30. Mimi nipo sekunde nne tu, lakini nne zenye nuru! Mafuta ya mdomoni yanang'aa, hata pilipili ya kwenye ndevu unaiona. Megapikseli zote 12 zimekuja kunitazama mimi.

Nikamwita nikamfokea. Anajibu, "Lakini anko, si ulikuwa sehemu ya wazi?" Sehemu ya wazi! Watu thelathini waliniona nikila pale, na wote thelathini walishanisahau kabla sijamaliza kijiti cha pili. Ndiyo raha ya mji huu: unaonwa na kila mtu na hakuna anayekuweka akilini. Mwenye kumbukumbu alikuwa mhazini peke yake, na yeye tulikuwa tunammudu.

Na wenyewe Wamarekani walishapambana na kitu hiki. Mwaka 2013 Google walitoa miwani yao ya kamera kwa dola 1,500, watu wakaja juu, baa zikakataza mvaaji kuingia, mpaka wavaaji wakatungiwa jina la matusi ambalo siliandiki hapa kwa sababu mwalimu mstaafu, jirani yangu, huwa anasoma. Mwaka 2015 wakaacha kuwauzia watu wa kawaida. Ile angalau ilikuwa na sura ya ajabu, kipande cha kioo kimekaa juu ya jicho. Mtu unamwona toka mbali, unavuka barabara. Hizi za kampuni yenye Facebook, zilizoanza mwaka 2021, zimejificha ndani ya fremu za Ray-Ban. Kwa jua letu hili, utavuka barabara mara ngapi?

Tangu hapo simwamini mwenye miwani. Huyo mwalimu mstaafu, miwani yake imefungwa na uzi wa viatu upande mmoja, lakini nikikutana naye navuta tumbo ndani. Kinyozi wetu naye, baada ya wateja kunung'unika (hakuna mwanaume anayetaka kuonekana akipakwa dawa ya mvi), kabandika mlangoni: VUA MIWANI KABLA YA KUINGIA. Mwalimu kafika, akavua kwa utii wote, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye mapaja ya mteja aliyekuwa ananyolewa. Kisha akageuka akaiomba radhi kalenda ya ukutani.

Kina mama wao wamejipanga zaidi. Siku ya kumsinga bibi harusi, simu zote zinaachwa kwenye beseni mlangoni, na mlinzi wa beseni ni mke wangu. Sasa ananiuliza: shangazi wa bwana harusi akija na miwani ya daktari, naye aiache kwenye beseni? Atacheza haoni? Nikamwambia hilo ni suala la kamati.

Watu wakaniambia nenda kisheria. Kweli sheria ipo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Na huko Kenya, mwaka huohuo wa 2023, klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 30! Usiku ule nililala tajiri. Asubuhi nikapiga hesabu upya: mshtakiwa analala kwenye kochi langu, anakula wali wangu, na nauli ya kwenda kujibu mashtaka ataniomba mimi. Halafu ushahidi wenyewe ni mimi, Kilosa, na mishikaki.

Jumamosi mhazini kaja nyumbani mwenyewe. Kavaa miwani. Fremu nyeusi, nene, kwenye kona kuna vitu vinang'aa. Nikasema sawa, safari hii kamera itanifanyia kazi mimi. Nikanyoosha shati, nikatoa noti mbili, nikazishika usawa wa jicho lake la kushoto, nikatangaza:

"Mimi, leo Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, kwa hiari yangu, namkabidhi mhazini shilingi elfu ishirini taslimu! Deni la elfu sabini sasa limebaki elfu hamsini! Na ile habari ya Kilosa imeisha!"

Akazipokea, akazisogeza mpaka karibu na pua, akazisoma moja moja.

"Shemeji," akasema, "mbona unapiga kelele? Macho ndiyo mabovu. Masikio mazima."

Jikoni nikasikia mwiko unawekwa chini taratibu.

"Baba watoto," sauti ikaja, "deni la elfu sabini la nini?"