Ada ya mtihani alipe mwajiri

Mtihani mmoja nimeufanya mara mbili: Sinza, Dar es Salaam, mwaka 2021, na Hamburg, Ujerumani, mwaka 2024. Ni ule wa AWS Certified Developer wa ngazi ya Associate, unaowapima watengeneza programu wanaotumia AWS, huduma za kompyuta za Amazon zinazokodishwa kupitia mtandao, wenye maswali 65, dakika 130 na alama ya kufaulu 720 kati ya 1,000. Cheti chake kinaisha baada ya miaka 3, ndiyo maana nikarudia.

Sinza nililipa dola 150 kutoka mfukoni mwangu, kama shilingi 345,000 kwa bei ya wakati ule. Hela ya upatu yote iliishia hapo. Msimamizi alikuwa upande wa pili wa kamera. Akaniambia niondoe kila kitu mezani, kisha nizungushe kompyuta aone kuta zote nne. Mtu akiingia chumbani, mtihani unafutwa. Mama mdogo akaweka kigoda mlangoni akakaa na kanga yake begani, akiwafukuza watoto kwa ishara ya mkono, bila kutoa sauti, zaidi ya saa mbili. Nilifaulu. Mwezi uliofuata kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilibandika nakala ya cheti changu kwenye zabuni, kwa sababu masharti yalitaka mtaalamu mwenye cheti. Zabuni wakaipata. Ada sikurudishiwa, na mshahara ukabaki pale pale.

Hamburg, kiongozi wa timu yangu alinitumia vocha ya mtihani kabla sijaomba. Sheria ya hapa pia inampa mfanyakazi siku 10 za kazi katika miaka 2 kwa ajili ya kozi zinazotambuliwa, na mshahara unaendelea kuingia. Wanaorudia mtihani hupata punguzo la nusu, kwa hiyo bosi wangu, anayelipwa kwa yuro na wateja wake, alitoa dola 75 tu. Kijana wa Dar ndiye anayebeba mzigo wote peke yake. Hili linaniuma kila nikilikumbuka.

Msinielewe vibaya, cheti kina faida, nayo ni kile unachojifunza ukijiandaa. Kwenye usaili wangu wa hapa hakuna aliyeniuliza kuhusu cheti. Nilipewa programu yenye hitilafu: mteja mmoja alikuwa anakatwa fedha mara mbili kwa agizo moja. Nikakumbuka nilichokisoma usiku kule Sinza, kwamba foleni ya kawaida ya SQS, huduma ya AWS ya kupitisha ujumbe kati ya programu, inaweza kufikisha ujumbe uleule zaidi ya mara moja, hivyo programu inayoupokea lazima itambue kazi iliyokwisha kufanyika. Aliyekariri maswali yaliyovuja angejua herufi ya jibu tu. Mimi nilikuwa nimejenga foleni hiyo kwa mikono yangu na kuiona ikirudia. Kazi nikapata.

Na wanaotaka kuja Ujerumani wajue hili: tangu Novemba 2023, mtu wa TEHAMA asiye na digrii anaweza kuomba Blue Card, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi, akiwa na uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita, mradi mshahara ufikie kiwango kilichowekwa. Uzoefu ndio unaohesabiwa hapo. Rundo la vyeti halizibi pengo lake, basi tunzeni mikataba na barua za kazi.

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo yuleyule, alinipigia akitaka nimtumie dola 150. Ningeweza. Nikamwambia aanze kwa bosi wake, aende na ule ukurasa wa zabuni unaodai vyeti. Wamemjibu kwamba watalipa yote, ila asaini kubaki miaka 2. Nimemwambia asikatae wala asisaini bado, aombe mwaka 1. Leo jioni ananipigia tuisome rasimu ya mkataba pamoja.