Kumpima kila mgonjwa hakumkingi daktari wa upasuaji

Kila daktari anapochomwa na sindano thieta, hoja ile ile hurudi: kwa nini wagonjwa wote wasipimwe VVU na homa ya ini kabla ya kupasuliwa? Hofu hiyo naielewa. Anayeshona ndani ya nyonga iliyojaa damu, akiongozwa na vidole kwa sababu macho hayafiki, si mwoga akitaka kujua.

Na kujua kunasaidia. Dawa za kuzuia VVU kwa aliyechomwa zianze haraka, zisivuke saa 72, kisha zimezwe siku 28. Ila kwa hilo inatosha kumpima mgonjwa husika baada ya ajali, kwa ridhaa yake. Upasuaji wa dharura nao hausubiri majibu.

Kinachonitisha zaidi ni jibu la "hana". Aliyeambukizwa majuzi anaweza kuonekana hana kwenye kipimo cha haraka, ilhali virusi vimefurika katika damu yake. Anayeishi na VVU na kumeza dawa vizuri, hadi virusi havionekani, hatari ya kumwambukiza daktari ni ndogo sana. Tukifuata majibu ya kipimo, huyu wa pili atavaliwa glavu mbili, yule wa kwanza moja.

Tena tunazungumza VVU mno. Sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Ya mwenye homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 30 katika 100. Chanjo ipo, dozi tatu. Mwanafunzi wa udaktari asikanyage thieta bila kuimaliza, na gharama isiwe juu yake.

Glavu mbili nazo hupunguza sana kutoboka kwa ile ya ndani. Wanaozikataa husema vidole vinapoteza hisia, fundo halisikiki. Ni kweli siku za mwanzo. Baadaye mkono huzoea. Pingamizi zito ni la hospitali ambako hata jozi moja hununuliwa na ndugu wa mgonjwa. Hapo siwezi kumlaumu daktari. Namlaumu anayepanga bajeti.

Lakini kuna jambo lisilohitaji bajeti. Sindano isipokezanwe mkono kwa mkono. Muuguzi aiweke kwenye trei, atamke "sindano", aondoe mkono wake, ndipo daktari aichukue. Na ikirudi, irudi vivyo hivyo. Trei ipo tayari pale mezani.