Msiwaambie vijana "kaza sauti"

Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, unakaribia, huku Langoni kila baada ya Isha ni matari na kaswida za mazoezi, napenda mno. Lakini juzi nimerudi nyumbani na hasira.

Kuna kijana wa miaka 15 hivi, anaanza ubeti vizuri, sauti nzito tamu, akifika pale katikati mahadhi yanapopanda ikamkatika, ikachomoka nyembamba. Wenzake wakacheka. Mwalimu akamwambia kaza sauti! Akakaza, kidevu juu, mishipa ya shingo imemtoka, ikapasuka tena. Akapewa tari akae nyuma. "Ustadhi, mi nataka kuimba." "Mwanangu, sauti huna."

Jamani sauti anayo! Mvulana akibalehe sauti hushuka karibu oktava nzima, yaani toka do mpaka do ya chini yake, sasa hata pale katikati alipopazoea pamehama, mnamhukumu vipi kwa ubeti mmoja?

Na pale katikati hapatoboki kwa nguvu. Chini huko nyuzi za sauti ni nene na fupi, ukipanda zinatakiwa zivutike ziwe nyembamba, na kwa wanaume wengi mabadiliko haya yako kwenye re, mi, fa za juu ya do ya kati ya kinanda, nyuzi zinagongana mara 300 hivi kwa sekunde. Ukikaza unazilazimisha zibaki nene hadi zishindwe, ndo zinaachia ghafla na sauti inapasuka. Dawa ni kupunguza sauti kabla hujafika pale, nusu ya ulivyozoea, uiache iwe nyembamba yenyewe. Itasikika dhaifu mwanzoni, iache hivyo hivyo, nguvu inakuja baada ya wiki na wiki.

Chukua mrija wa juisi, utie kwenye glasi ya maji nusu, uvumishe mahadhi ya kaswida humo polepole toka chini mpaka juu. Mapovu yatoke sawasawa. Yakikatika au yakirukia usoni basi hapo ndo unapokaza, rudi chini uanze tena. Na ile "aa" ya juu usiipanue, izungushe kidogo, kama unavyoitoa baada ya herufi lamu nzito ya "Allahu". Sisemi mtu aharibu herufi, tajwidi ibaki pale pale.

Haya, wazee waliimba bila maiki na ilibidi sauti ifike mbali, hilo nakubali, na wapo waliotoka na sauti za ajabu kwa kukaza huko huko. Ila hao ndo tunaowakumbuka, waliokauka makoo tuliwapa matari tukawasahau. Leo spika zipo kila uwanja, sauti kubwa ni kazi ya spika.

Wasichana nao wana pao, nitaandika siku nyingine.

Ninachoomba kwa Maulidi haya ni kidogo: anayeanzisha kaswida aanze chini kidogo, asianzishe kwa raha ya koo lake peke yake, maana akianza juu ubeti wa pili watoto wote wako pale pale pabaya na hakuna hata mmoja aliyechagua kufika hapo.